Tazama zile punje tano: namna ya kuelewa mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani

Msimu wangu wa kwanza wote nilikuwa nafuata mpira. Kila Ijumaa usiku, kuanzia mwishoni mwa Agosti, nilikaa kwenye majukwaa ya chuma ya shule ya mwanangu hapa Ohio, nikashangilia wenzangu wakishangilia, nikanyamaza wakinyamaza. Usiku mmoja tukiwa garini kurudi nyumbani nikaanza kumsifu kijana aliyekimbia na mpira yadi arobaini na kufunga. Mwanangu, ambaye jezi yake ni namba 64, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwani Baba, ulikuwa unamtazama nani?"

Yeye ni gadi. Gadi hagusi mpira. Njia aliyopita yule kijana ni yeye aliyeifungua, na mimi niliyemzaa sikumwona.

Kesho yake nilikuwa nachambua maharage (ya huku hayana mawe, ila mkono umeshazoea), akavuta sinia akanipangia punje 22 mezani, moja kwa kila mchezaji, kumi na moja kila timu. Karibu yote nitakayoeleza yalianzia kwenye sinia lile. Kama uko Dar, Mombasa au Bujumbura na unakesha kungoja Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya huku, ambayo kwenu huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu (Bujumbura saa saba na nusu), au kama uko huku na mtoto amekuletea fomu ya kusaini ili acheze, chota maharage yako ukae.

Hatua ya 1: Shika hesabu ya yadi kumi

Uwanja una yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli, na nyuma ya kila mstari kuna eneo la yadi 10 la kufungia. Yadi ni pungufu kidogo ya mita. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne, kila moja huitwa dauni, isogee angalau yadi 10. Ikizipata, hesabu inaanza upya: dauni ya kwanza, yadi kumi. Ikishindwa, wenzao wanauchukua mpira palepale. Ndiyo maana dauni ya nne aghalabu haichezwi; timu hubutua mpira mbali ili wapinzani waanzie kwao, au ikiwa karibu hupiga teke kupitisha katikati ya milingoti na kupata pointi 3. Kuingia na mpira eneo la kufungia ni tachidauni, pointi 6, na baada yake kuna teke la pointi 1 au jaribio la kuingia tena kwa pointi 2.

Aliyekulia kwenye soka atalalamika kwamba mchezo huu unasimama kila baada ya sekunde tano au sita. Hata mimi nililalamika. Kilichonisaidia ni kuwazia mechi ya soka yenye kona tupu. Kila anayejua kona anajua kinachofanyika kabla haijapigwa: mmoja anavuta beki, mwingine anamzuia kipa, wa tatu anajifanya hayupo kisha anatokea mlingoti wa pili. Futiboli ni kona baada ya kona, na kila moja ilichorwa kwenye karatasi kabla ya mechi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya sheria ya dauni timu iliweza kuukumbatia mpira kipindi kizima bila kwenda popote, na mwaka 1881 vyuo vya Yale na Princeton vilifanya hivyo mpaka mechi ikaisha bila bao. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya nafasi tatu kwa yadi tano. Nafasi nne kwa yadi kumi ni za mwaka 1912.

Kwenye televisheni utaona mstari wa manjano unaoonyesha mpira unatakiwa ufike wapi. Mstari ule haupo uwanjani. Ni kompyuta inayouchora, tangu mwaka 1998. Kwenye uwanja wa shule tazama pembeni: kuna watu wameshika nguzo mbili za rangi ya chungwa zilizounganishwa kwa mnyororo wa yadi kumi. Nguzo ya mbele ndiyo shabaha.

Hatua ya 2: Panga punje zako

Weka punje tano kwa mstari, zikaribiane. Ya katikati ni senta, anayeushika mpira chini na kuupitisha katikati ya miguu yake kwenda nyuma. Kitendo hicho ni snapu, na hapo ndipo kila kitu kinapoanza. Kulia na kushoto kwa senta kuna gadi mmoja mmoja, na nje ya magadi kuna mateko wawili. Hawa watano hawabadiliki. Nyuma ya senta weka punje ya sita, kwotabeki, mkubwa wa shughuli.

Punje tano zilizobaki ndizo kocha anazochezea. Anaweza kuweka wakimbiaji, wanaokaa nyuma karibu na kwotabeki. Anaweza kuweka wapokeaji, wale wepesi wanaosimama mbali pembeni. Au anaweza kuweka taiti-endi, mtu wa kati na kati anayesimama ubavuni mwa teko: leo anasukuma kama wale watano, kesho anakimbia kudaka. Watangazaji hutaja mpangilio huu kwa tarakimu mbili. "Kumi na moja" si idadi ya watu; ni mkimbiaji mmoja na taiti-endi mmoja. Toa hao wawili kwenye watano, umebaki na wapokeaji watatu. "Ishirini na moja" ni wakimbiaji wawili, taiti-endi mmoja, wapokeaji wawili. Wanene wakiongezeka uwanjani, timu inataka kusukuma. Wembamba wakiongezeka, inataka kurusha, au inataka udhani hivyo.

Sheria inadai watu wasiopungua saba wawe kwenye mstari wa mbele. Kati yao, wale wawili wa mwisho, mmoja kila upande, ndio wanaoruhusiwa kudaka pasi ya mbele, pamoja na walio nyuma ya mstari. Watano wa katikati hawaruhusiwi. Kwa kawaida utawajua kwa namba, 50 hadi 79.

Wenye kujua ragbi, na Wakenya wengi wanaijua, wataona tofauti mbili. Pasi ya mbele inaruhusiwa, mara moja kwa kila dauni, na imeruhusiwa tangu mwaka 1906. La pili ndilo kubwa: unaruhusiwa kumzuia mtu asiye na mpira. Kwenye ragbi ni kosa; huku ndiyo kazi yenyewe. Daniel Adongo, Mkenya aliyeacha ragbi akajiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013, alilazimika kuuanza mchezo huu kama mtoto wa darasa la kwanza pamoja na mwili wake wote ule.

Hatua ya 3: Kichwa chini au kichwa juu

Ukiruka hatua zote, usiiruke hii.

Snapu ikitoka, usimtazame kwotabeki. Tazama helmeti za wale watano kwa muda wa kupumua mara moja. Zikiinama na kusonga mbele, mpira unakimbizwa. Zikiinuka na kurudi nyuma, miguu ikichezacheza kama mtu anayefunga mlango kwa kifua, ni pasi. Basi. Siku utakapoweza kufanya hivi mara kumi mfululizo bila jicho kukimbilia mpira, utakuwa umewapita nusu ya majirani zako jukwaani, wakiwemo waliozaliwa huku.

Sababu ya kuwaamini ni sheria. Kwotabeki anaweza kudanganya kwa mikono, mkimbiaji anaweza kukumbatia hewa akajifanya ana mpira, lakini wale watano hawawezi kutangulia mbele kabla pasi haijarushwa. Ligi kuu inawapa yadi moja tu, vyuo yadi tatu. Kwa hiyo wakikuambia uongo, ni wa hatua moja tu.

Hata kabla ya snapu miili yao inasema. Gadi huinama na kugusa ardhi kwa mkono mmoja. Akijua atasukuma mbele, uzito wote huenda mkononi na vidole vinazama kwenye nyasi. Akijua atarudi nyuma kulinda au atachomoka kwenda pembeni, mkono unagusa nyasi kwa adabu tu na makalio yanashuka kidogo. Walinzi wazuri wanasoma vidole hivyo kama gazeti. Mwanangu alitumia wiki mbili nzima barazani akijifunza kuinama kwa namna moja tu, mimi nikiwa nimesimama mbele yake na glasi ya chai kumwambia kama nimemshika. Nilimshika mara nyingi.

Hatua ya 4: Jifunze mbio moja vizuri

Kuna mbio za aina nyingi, lakini ukielewa moja umeelewa wazo la zote. Chukua ile inayoitwa pawa.

Sema mkimbiaji anataka kupita kulia. Panga upande wa pili punje za walinzi. Sasa gadi na teko wa kulia hawasukumi mbele. Wanasukuma ndani, kuelekea kushoto, wakiwabana walinzi waliowakaribia kutoka ubavuni. Kumsukuma mtu ubavuni ni rahisi kuliko kifuani, jaribu kwenye foleni ya daladala. Mlinzi wa mwisho wa nje anasukumwa nje na mtu mwingine, taiti-endi au mkimbiaji wa pili. Katikati pamebaki uwazi. Halafu gadi wa kushoto, aliyekuwa mbali na yote haya, anachomoka mahali pake, anapita nyuma ya senta na kuingia kwenye uwazi ule mbele ya mkimbiaji, kumpokea mlinzi wa pili anayekuja kuuziba.

Hapo ndipo mwanangu alipoweka kidole juu ya punje na kuizungusha polepole. "Huyu ni mimi," akasema.

Hesabu sasa. Upande wa kulia walinzi walijipanga sawa na washambuliaji. Ghafla amezidi mtu mmoja, tena ana kilo mia na zaidi na anakuja kwa kasi. Mbio zote ni ujanja wa kupata mtu mmoja wa ziada mahali pamoja. Green Bay Packers wa miaka ya 1960, chini ya kocha Vince Lombardi, walichomoa magadi wote wawili kwa pamoja, Jerry Kramer na Fuzzy Thurston, wakatangulia kuelekea pembeni na mkimbiaji nyuma yao. Kila timu ilijua mpango ule unakuja. Kuujua hakukuwasaidia sana. Packers walichukua Super Bowl mbili za kwanza, Januari 1967 na Januari 1968.

Mbio za siku hizi unazoziona sana huitwa za zoni: watano wote wanasogea upande mmoja kama wimbi, kila mmoja akimsukuma atakayemkuta, na mkimbiaji anachagua mwenyewe ufa ulipojitokeza. Zinapendeza kutazama, na mkimbiaji asiye na subira huziharibu.

Kuna tatizo ambalo mbio zote zinalo. Mwenye mpira hamzuii mtu, na kwotabeki akishautoa mpira anabaki mtazamaji. Kwa hiyo ni watu tisa wa kuzuia dhidi ya walinzi kumi na mmoja. Dawa yake ni kumwacha mlinzi mmoja wa pembeni bila kumgusa kabisa, makusudi. Kwotabeki anauingiza mpira tumboni mwa mkimbiaji, lakini hauachii. Macho yake yako kwa yule mlinzi. Akimvamia mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa na kukimbia mwenyewe mahali alipotoka mlinzi. Akibaki nje, mkimbiaji anapewa. Mlinzi ameondolewa mchezoni bila kuguswa na mtu. Lamar Jackson wa Baltimore Ravens alipata yadi 1,206 kwa miguu mwaka 2019, rekodi ya kwotabeki kwa wakati ule, na sehemu kubwa ya mateso hayo ilianza na mlinzi mmoja aliyeachwa asiguswe.

Hatua ya 5: Hesabu kabla ya snapu

Ukiweza kuhesabu mpaka nane utaweza kubashiri. Hesabu walinzi waliosongamana mbele ya wale watano, kama yadi tano kwenda ndani. Eneo hilo huitwa boksi. Timu yenye watano na taiti-endi mmoja ina watu sita wa kuzuia. Boksi likiwa na walinzi sita, mbio ni halali yao. Likiwa na saba au wanane, wanakimbilia ukutani, na kwotabeki mwenye akili ataubadilisha mpango palepale. Ndizo zile kelele na kupunga mikono unakoona kabla ya snapu. Maneno mengi kati ya hayo hayana maana yoyote. Yamewekwa ili lenye maana lisijulikane.

Kisha inua macho utazame nyuma kabisa. Wamesimama walinzi wawili au mmoja? Wawili wakiwa nyuma, mbele wamepungua, basi tarajia mbio au pasi fupi. Mmoja tu akiwa nyuma, wapokeaji wa pembeni wamebaki na walinzi wao ana kwa ana, na pasi ndefu inanukia.

Wakati mwingine mpokeaji mmoja huanza kutembea au kukimbia kutoka upande mmoja kwenda wa pili kabla ya snapu. Nilidhani amekosea mahali pa kusimama. Kumbe ametumwa kuuliza swali. Mlinzi mmoja akimfuata mpaka upande wa pili, wanakaba mtu na mtu. Asipofuatwa, walinzi wakasogeasogea tu, wanakaba maeneo. Kwotabeki anapata jibu bila kulipa chochote.

Hatua ya 6: Pasi, au mlinzi mmoja na wageni wawili

Wapokeaji hawakimbii ovyo. Kila mmoja amepewa njia, na njia zote zimechorwa kama mti: shina ni mbio za moja kwa moja, matawi ni mahali pa kukata. Matawi yana namba kutoka 0 hadi 9, na makocha wengi hufuata utaratibu mmoja: namba shufwa hukata ndani kuelekea katikati ya uwanja, witiri hukata nje. Namba 2 ni slanti, hatua chache kisha unakata ndani kwa mshazari. Namba 4 unakimbia, unasimama ghafla na kugeuka. Namba 5 unakata nje kwa pembe mraba. Namba 7 unaelekea kona ya uwanja, namba 8 unaelekea milingoti, ndiyo maana inaitwa posti, na namba 9 hukati kokote, unakwenda tu mpaka mapafu yaseme.

Njia moja peke yake haina maana. Zinapangwa mbilimbili kumtesa mlinzi mmoja. Chukua punje mbili pembeni. Ya nje iende yadi tano isimame. Ya ndani iende mbele kisha ikate namba 7, juu ya ile iliyosimama. Sasa weka mlinzi wa kona. Akishuka kumkaba aliyesimama, mpira unapita juu ya kichwa chake. Akirudi nyuma, mpira unatolewa mbele ya miguu yake. Mshika mbili moja humponyoka, na kwotabeki anachosubiri ni kuona ipi. Ukitazama marudio, usimtazame aliyedaka; mtafute mlinzi aliyesimama katikati akigeuza kiuno huku na huku. Yeye ndiye aliyeulizwa swali.

Walinzi nao hawakai kusubiri. Wakituma watu wengi kumvamia kwotabeki, jibu zuri ni skrini: wale watano wanawazuia kidogo, kisha wanawaachia wapite, kama mtu aliyechoka kugombana. Walinzi wanamkimbilia kwotabeki wakidhani wameshinda, naye anaudondosha mpira juu ya vichwa vyao kwa mkimbiaji, aliyejibanza pembeni na wanene watatu mbele yake. Ukiona watano wanapitwa kirahisi mno, usilaumu haraka. Mimi nililaumu, kwa sauti, na mama aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama.

Na kuna pasi ya changa la macho. Kwotabeki ananyosha mkono kama anatoa mpira, mkimbiaji anainama na kuvamia, watano wanaanza kichwa chini, walinzi wa kati wanasogea mbele, na mpira bado uko kiunoni mwa kwotabeki. Nyuma ya walinzi waliosogea pamebaki uwanja mtupu. Hapa ndipo ule uongo wa hatua moja unapotumika: helmeti zimeinama lakini hazivuki mstari. Ukiziona zimekwama hivyo, inua macho utazame mbali, mpira uko njiani.

Hatua ya 7: Uliza ni dauni ya ngapi, wapi, na saa inasemaje

Mpango mzuri kwa wakati mbaya ni mpango mbaya. Dauni ya kwanza na yadi kumi, lolote linawezekana. Dauni ya pili na yadi mbili ni wakati wa kubahatisha pasi ndefu, kwa kuwa ukikosa una nafasi nyingine. Dauni ya tatu na yadi nane, kila mtu uwanjani pamoja na muuza soda anajua ni pasi. Dauni ya tatu au ya nne na yadi moja, ni kusukuma. Philadelphia Eagles wameifanya yadi hiyo moja kuwa yao: kwotabeki Jalen Hurts anaupokea mpira, wenzake wanamsukuma kwa nyuma, na Wamarekani wameupa msukumo huo jina linalotaja makalio. Mei 2025 wenye timu walipiga kura kuupiga marufuku. Kura 22 zilitaka, zilihitajika 24.

Mahali pia ni neno. Ukikaribia goli la wapinzani, ndani ya yadi 20, uwanja unakwisha. Hakuna tena pa kukimbilia mbali, na walinzi wanabanana. Kujua kama timu imefika mahali pa kupiga teke la pointi 3, chukua yadi zilizobaki mpaka mstari wa goli uongeze kama 17, kwa sababu milingoti iko mwisho wa eneo la kufungia na mpigaji anasimama nyuma ya mstari. Mpira ukiwa yadi ya 30, teke ni la yadi 47.

Saa ndiyo inayowachanganya wageni zaidi. Pasi isiyodakwa husimamisha saa. Mbio zinazoishia ndani ya uwanja haziisimamishi. Timu inayoongoza hukimbiza mpira ili kula dakika, iliyo nyuma hurusha na kutoka nje ya mstari. Kila timu ina nafasi tatu za kuomba mapumziko katika kila nusu, na kocha anayezimaliza mapema huzililia mwishoni.

Hatua ya 8: Sasa panga hii

Tarehe 1 Februari 2015, Glendale, Arizona. New England Patriots 28, Seattle Seahawks 24. Seattle wana mpira kwenye yadi ya 1. Ni dauni ya pili, saa inakimbilia sekunde 26, wana nafasi moja ya kuomba mapumziko. Nyuma wana Marshawn Lynch, mkimbiaji mwenye mwili kama gunia la mahindi, ambaye dauni iliyopita ameuleta mpira kutoka yadi ya 5 mpaka hapa. Dunia nzima inasubiri apewe.

Fanya hesabu ya saa. Wakikimbia wakakwama, wanaomba mapumziko yao ya mwisho. Wakikimbia tena wakakwama, saa inakwenda na wenzao hawana haraka ya kuinuka. Wakirusha na mpira usidakwe, saa inasimama yenyewe, mapumziko bado wanayo, na wamebaki na majaribio mawili ya kweli. Waliocheka uamuzi ule, na mpaka leo wanacheka, wengi hawakufanya hesabu hii. Mimi nadhani wazo halikuwa baya. Pasi waliyoichagua ndiyo inayonitia shaka.

Weka punje mbili upande wa kulia, moja mbele ya nyingine. Mbele ni Jermaine Kearse, nyuma yake Ricardo Lockette. Kazi ya Kearse ni kumziba mlinzi njia; Lockette anakata slanti nyuma yake kwenda ndani. Upande wa Patriots, Brandon Browner amesimama pua kwa pua na Kearse. Nyuma ya Browner yuko Malcolm Butler, kijana wa msimu wa kwanza ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye uteuzi wa wachezaji kutoka vyuoni.

Snapu. Browner anamdaka Kearse kifuani na kumzuia asisogee hata hatua. Sasa hakuna anayemziba Butler. Anamwona Lockette akikata, naye anakimbilia mahali mpira utakapofika, si mahali Lockette alipo. Kwotabeki Russell Wilson ameshaurusha. Butler anafika mbele, anaunyakua, anaanguka nao. Zimebaki sekunde 20.

Kila marudio yanamwonyesha Butler. Ukiisogeza punje ya Browner kwa kidole utaona mchezo uliamuliwa kabla mpira haujaondoka mkononi: mtu asiye na mpira kamzuia mtu asiye na mpira.

Niliutafuta mkanda huo nikamwonyesha mwanangu, nikiwa na hamu ya kumwona akishangaa. Alitazama mara mbili, kijiko cha wali mkononi. "Wale watano wa Seattle walilinda vizuri, hakuna aliyemgusa kwotabeki wao," akasema, akaendelea kula.